Upande wa Kushoto Uache

Nyinyi vijana mnaonyoa siku hizi mna bahati, na bahati yenyewe imewaharibu. Mteja hajakaa sawasawa, mashine imeshaanza kunguruma, mnampitisha kichwa kizima kwa urefu mmoja kama mnafyeka uwanja wa mpira. Mkimaliza mnampa kioo. Anajitazama, anatabasamu kwa adabu, anatoka amefanana na wote waliomtangulia. Mimi sikasiriki. Nadanganya, nakasirika sana, ila kwa umri huu nikikasirika kikohozi kinanishika, kwa hiyo nimeamua niwaambie kwa upole.

Nilinyoa Mikindani, kwenye baraza la nyumba ya mawe karibu na soko la samaki, miaka ile bandari ya Mtwara ilipokuwa inajengwa na wageni wanamiminika kila siku. Fundi wangu aliitwa Athumani Chitanda, mtu mfupi, mkali, asiyependa kuulizwa swali kabla ya chai. Kwake ulikuwa huruhusiwi kugusa mkasi mpaka umekishika kichwa cha mteja kwa mikono miwili, umefumba macho. Wateja wageni walikuwa wanashtuka, wakidhani wanasomewa dua.

"Macho yanakudanganya," alikuwa akisema. "Mkono ukipita juu ya kichwa unakuta kila kitu kilipo. Shika, ujue unamnyoa nani."

Basi tukawa tunashika. Ukishika utajua kisogo kilicho bapa, hicho usikiondolee nywele nyuma, kiachie kidogo kipate umbo. Utajua utosi uliochongoka, huo usiupandishie nywele juu. Mwenye uso mrefu mpunguzie juu umwachie pembeni, la sivyo utamrefusha mpaka afanane na mchi. Mwenye uso wa duara mfanyie kinyume chake. Na mwenye masikio makubwa, nawaombeni, msimpeleke wembe pembeni hata akiomba mwenyewe. Mwenzangu mmoja, Issa, alimnyoa bwana harusi panja zote mpaka ngozi ikang'aa. Masikio yakabaki yamesimama kama kikombe chenye mikono miwili. Bibi harusi alipofunuliwa uso akamwona mumewe, alicheka mpaka kungwi wake akamfinya. Issa hakurudi kazini wiki nzima.

Sasa niwaambie kichwa ambacho sijakisahau.

Alikuwapo kijana anaitwa Hamisi, mtoto wa Mzee Bakari, mvuvi wa pale pale Mikindani. Hamisi alipokuwa mdogo, baba yake alirusha mshipi wa kuvulia bila kutazama nyuma, ndoana ikamnasa mtoto sikio la kushoto na kuondoka na kipande chote cha juu. Watoto wenzake wakamwita Nusu. Jina likamganda. Tangu hapo Hamisi alivaa kofia ameilaza upande wa kushoto, iwe jua iwe mvua, hata mimi niliyekua naye mtaa mmoja sikuwahi kuliona sikio lile mpaka siku aliyokuja kukaa kwenye kiti chetu.

"Naoa," alisema. Kofia bado iko kichwani.

"Hongera," Fundi Athumani akamjibu. "Vua."

"Mbele za watu kofia nitavaa, Fundi. Chumbani nitaivua. Hapo ndipo ninapoogopa."

Fundi hakumcheka, ingawa alikuwa mtu wa kumcheka kila mtu. Alimvua kofia mwenyewe, akafumba macho, akakishika kile kichwa muda mrefu. Kisha akanigeukia mimi. "Huyu ni wako. Upande wa kushoto uache. Acha ziote."

Nywele za Hamisi zilikuwa za singa, amezitoa kwa watu wa mama yake, nywele za kulala. Nikaziacha zikaota upande wa kushoto mpaka zikalifunika lile pengo. Lakini ukiacha upande mmoja mrefu tu, mtu anaonekana amenyolewa na mlevi. Kwa hiyo njia ya nywele niliipasua kulia, juu kabisa, nywele zote zikalazwa kuelekea kushoto, na panja ya kulia nikaipunguza kwa mkasi taratibu, si kwa wembe. Ukimtazama kwa mbele huoni kwamba kushoto kumezidi. Unaona tu kijana mtanashati. Akaoa, na kofia akawa anaivaa Ijumaa na misibani tu.

Mkewe aliitwa Somoe. Hamisi alikuwa akinihadithia akiwa kwenye kiti, huku amefumba macho kwa raha, kwamba kila asubuhi akitoka Somoe humzuia mlangoni. "Ananiambia, 'Baba Zuhura, sikio.' Halafu anazilaza kwa kiganja. Hanitoi nje mpaka zimelala." Zuhura alikuwa binti yao wa kwanza. Nilimwambia ana bahati ya kupata mke kinyozi, amlete ashike mkasi wangu, mimi nikavue samaki.

Kazi yake ilikuwa kuuza ng'onda, wale samaki waliopasuliwa na kukaushwa. Alikuwa anawapakia kwenye mtumbwi anashuka nao mpaka kwenye mdomo wa Mto Ruvuma, kwa watu wa vijiji vya mikokoni. Safari moja aliondoka akasema atawahi swala ya Ijumaa. Ijumaa ikapita. Ikapita nyingine. Mtumbwi haukuonekana, mzigo haukuonekana, na Hamisi hakuonekana.

Yaani, alionekana. Hapo ndipo mwili wangu husisimka mpaka leo. Mtu mmoja alikuja akasema amemwona bandarini Mtwara, anatembea katikati ya vibarua. Mwingine amemwona Msimbati, anaingia kichakani. Wa tatu amemwona ng'ambo ya Ruvuma, kwa Mreno, sokoni, na mwanamke. Niliwauliza wote swali moja: ulimwona uso? Kila mmoja akasema, hapana, nilimwona kwa nyuma. Nilizijua zile nywele.

Na mimi pia. Niwe mkweli. Alasiri moja nilikuwa namnyoa mtu, kioo changu kimeelekea barabarani kama kawaida. Ndani ya kioo nikaona kisogo kinapita, njia imepasuliwa kulia, nywele zimelala kushoto, urefu wangu mimi, ule ule. Nikageuka na mkasi mkononi. Barabara nzima nyeupe kwa jua, hakuna mtu, hakuna hata mbuzi. Nikamwuliza mteja kama ameona aliyepita. Akasema hakupita mtu. Nikaendelea kunyoa, lakini kile kioo nilikigeuza kikatazama ukuta, na wateja wakalalamika sana.

Maneno ya kuonekana kwake yalimfurahisha mtu mmoja tu, Mzee Bakari. "Mwanangu yu hai," alikuwa akisema msikitini. "Mwanamke amemchosha, amehamia kwa Mreno, ameoa huko. Simsomei hitima mtu aliye hai." Watu wakamwonea huruma mzee na kumnunia mkwewe. Wanawake wenzake Somoe wakaanza kumsema kisimani. Wakwe wakamtaka arudi kwao, mtoto abaki.

Fundi Athumani alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, kile kibanda chetu cha barazani nimeachiwa mimi. Kila Alhamisi, siku aliyozoea kuja Hamisi, Somoe alikuwa akipita barazani amejifunika kanga, amemshika Zuhura mkono. Hakai. Anauliza tu, "Shemeji, hajaja kunyoa?"

"Hajaja, shemeji."

Siku moja alisimama akaongeza maneno. "Akiwa hai, nimeachwa. Akiwa amekufa, nimefiwa. Mwenye kuachwa anajua la kufanya, na mwenye kufiwa anakaa eda. Mimi nijiiteje? Wanataka kumchukua huyu mtoto, nami sina hata jina la msiba wangu." Nilimpa Zuhura kipande cha kashata, kwa sababu mtu akikosa jibu hutafuta cha kushika.

Basi kiangazi kikaingia, na wenzetu Wamakonde wa bondeni wakawa wanajiandaa kutoa vijana wao jandoni. Wakitoka, huchezwa mapiko. Kwa nyinyi msiojua, lipiko ni kichwa cha mti anachovaa mchezaji, na kina nywele za mtu kwelikweli, zimebandikwa kwa nta ya nyuki. Wanawake na watoto hawatakiwi kujua kwamba ndani mna mtu. Kwao yule ni mfu amerudi kucheza. Sisi watu wa Mikindani tulikuwa tunajidai hatuyaamini mambo hayo, na tukisikia lipiko linakuja tunafunga milango.

Adhuhuri moja akaja mzee ametoka kwa miguu huko mdomoni mwa mto, amebeba mzigo umefungwa kaniki. Alijitambulisha, Chilumba, mchongaji. Akaomba kama naweza kufunga pazia la kibanda. Nikalifunga. Akaweka mzigo juu ya kiti changu, akaifungua kaniki kwa juu tu, zikatokea nywele. Uso akauacha umefunikwa.

"Kinyozi," alisema, "nywele hizi upande umezidi. Wazee wa ngoma wameona, wamesema ntu atachekwa. Nilidhani nangu mwenyewe nimekosea kubandika. Sawazisha."

Nilizitazama. Zilikuwa zimekauka, zimetimka, hazina njia, na kweli kushoto kulizidi. Nikachukua mkasi. Halafu mkono ukasita, si kwa sababu nimejua kitu, ila kwa ubishi wa ufundi.

"Mzee, siwezi kupima urefu wa nywele bila kuuona uso. Pengine uso wenyewe unataka hivyo."

"Uso haufunuliwi. Lipiko bado halijachezwa."

"Basi nitakata vibaya."

Akafikiri. "Kuona huoni. Shika."

Mnaona ajabu hiyo? Maneno ya Fundi Athumani yametoka kwenye kinywa cha mtu asiyemjua. Nikaweka mkasi chini, nikafumba macho, nikaingiza mikono chini ya kaniki.

Ule mti ulikuwa na joto. Nilijiambia, umebebwa juani toka asubuhi, lazima uwe na joto. Mikono ikapanda. Kisogo nikakikuta kimejaa upande wa chini. Utosi ukateremka taratibu kama ninavyoujua. Hapo nilikuwa bado sijaelewa, lakini mikono ilikuwa imeshaacha kupapasa, ilikuwa inakwenda yenyewe kama inayokwenda kwa mteja wa kila Alhamisi. Nikazipandisha nywele za kushoto kwa kidole gumba. Chini yake nikalikuta sikio. Juu halina kipande.

Sikupiga kelele. Nilikaa chini, pale pale sakafuni kwenye nywele za watu.

"Uliona wapi kichwa hiki?" nilimwuliza.

Mzee Chilumba akanitazama, akakaa chini naye. Alinieleza kwamba maji ya mto yalipokuwa makubwa, watu wa kijijini kwake waliokota maiti kwenye mizizi ya mikoko. Kijana, uso wake bado mzima. Waliuliza vijiji vya jirani kwa maneno tu, maana maiti haisubiri, hakuna aliyemdai. Wakamwosha, wakamzika. "Nilimnyoa kabla hajazikwa," akasema. "Najua kwenu haifai. Lakini ntu amelala hana jina, hana anayemlilia. Nikasema nitamchonga, acheze, pengine atakuja kuonwa na wake. Nachonga nilichokiona. Sikio nililiona hivyo. Nywele nimezirudisha moja moja zilivyokuwa."

"Hukukosea kubandika," nilimwambia. "Upande huo niliuacha mimi."

Akaifunua kaniki. Sitawaelezea ule uso. Mdomo ulikuwa umefunguka kidogo, kama wa mtu anayehadithia akiwa kwenye kiti.

Nikamwomba abaki nalo mpaka nimwite mkewe. Alikataa, na hakukataa kwa ubaya. Mwanamke hawezi kuonyeshwa lipiko likiwa limelala, hiyo ni miiko yao, na hata kunionyesha mimi alikuwa ameshavunja mwiko. Nikafikiri kumwambia Somoe kwa mdomo. Lakini angesema nini mbele ya wakwe? Kwamba kinyozi ameshika mti? Mzee Bakari angenifukuza na fimbo. Nikamweleza Chilumba yote hayo.

"Atakapocheza, wanawake wote wanaruhusiwa kuona," Chilumba akasema. "Mlete. Usimwambie kitu. Na yule baba yake mlete."

"Na nywele?"

"Wewe ndiye kinyozi."

Nikachukua chanuo na mafuta ya nazi kidogo. Nikapasua njia kulia, juu kabisa. Nikazilaza zote kushoto. Sikukata hata unywele mmoja. Kwa mbele ukitazama, hakuna kilichozidi.

Kuwapeleka haikuwa kazi ndogo. Somoe alikubali mara moja, kwa sababu nilimwambia kule ndiko Hamisi alikokuwa akiuza ng'onda, pengine tutapata habari. Mzee Bakari alikubali kwa ajili ya kuonyesha kwamba hakuna habari. Njia nzima alikuwa akinihubiria juu ya wanawake wasio na subira, na Somoe anatembea nyuma yetu kimya.

Tulifika alasiri, ngoma zimeshapamba moto. Uwanja wa mchanga, watu wamezunguka, wanawake upande wao wanaimba matusi ya kumchokoza mfu, ndiyo desturi. Lipiko likatokea kichakani. Mwili wote umefungwa nguo, njuga miguuni, na juu kile kichwa. Wanawake wakapiga mayowe wakakimbia wakicheka, wakarudi, wakakimbia tena. Lilikuwa linacheza kwa mikogo, linatikisa shingo, linawafukuza. Kila likitikisa, nywele zinaruka. Nikaona njia yangu inaharibika. Kijinga kabisa, nikawa nasikitikia njia ya nywele.

Halafu likaja upande wetu. Wanawake wakakimbia wote. Somoe hakukimbia.

Likasimama mbele yake. Njuga zikanyamaza. Nywele za kushoto zilikuwa zimetimka juu zote, na lile sikio liko nje, mbele ya umati mzima, na jua limelipiga. Mpiga ngoma mmoja akakosea pigo, wa pili akaacha. Shingo ya lipiko ikainama polepole, kuelekea kulia, ikampa Somoe upande wa kushoto. Vile Hamisi alivyokuwa akiinama kwenye kiti changu nikifika upande ule.

Somoe akanyoosha mkono. Nilisikia mwanamke wa Kimakonde nyuma yangu anasema jina la Mungu. Somoe akaweka kiganja juu ya zile nywele, akazilaza, moja kwa moja mpaka zikafunika pengo. Sauti yake ilikuwa ya kawaida tu, ya mtu aliye mlangoni kwake asubuhi.

"Baba Zuhura," alisema. "Sikio."

Kisha akajifunika kanga uso mzima, akakaa chini mchangani. Nikageuka kumtazama Mzee Bakari. Mkono wake wa kulia ulikuwa umejikunja kama umeshika mshipi. "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un," akasema. Akarudia kwa sauti, watu wote wasikie. Kisha akamwendea mkwewe, akainama, akamwita kwa jina ambalo hakuwa amemwita tangu mwanawe apotee. "Mwanangu. Twende nyumbani ukakae eda."

Yule mchezaji nilikutana naye baadaye. Nilimwuliza kwa nini alisimama pale. Akaapa kwamba hakusimama yeye. Alisema shingo ilikaza, akavutwa upande kama mtu aliyeshikwa kichwa na mikono miwili, na ndani mle akasikia harufu ya mafuta ya nazi. Mafuta niliyapaka mimi, hilo naweza kulieleza. Hilo la mikono siwezi.

Hitima ilisomwa, ukumbi ukajaa. Zuhura alibaki kwa mama yake, na kisimani watu wakajifunza kunyamaza. Kabla eda haijaisha, Somoe alinitumia salamu: nywele za mumewe zirudi kwa mwenyewe alipolala. Chilumba hakupinga. Tukaenda watatu, yeye na mimi na Mzee Bakari, mpaka kaburini, nyuma ya mikoko, asubuhi maji yakiwa yametoka.

Nikanoa wembe. Nikakipakata kile kichwa cha mti, nikakinyoa. Nta ilikuwa ngumu, ikabidi niende taratibu, nyuma kwanza, kisha utosi, kisha kulia. Kushoto nikakuacha mwisho. Nilipofika hapo mkono ukakataa, nikasubiri, nikamalizia. Mzee Bakari alikuwa anazipokea kwenye kitambaa cheupe. Nilipomaliza akaliona lile sikio, wazi, halina cha kulifunika. Akaligusa kwa kidole mahali ndoana ilipopita, akaanza kulia kwa sauti kama mtoto.

Tulizizika zile nywele. Chilumba akataka kukifunga kichwa kwenye kaniki aondoke nacho. Nikamwambia asubiri. Nikavua kofia yangu, nikamvisha Hamisi, nikailaza upande wa kushoto.